Namna ya kuwaandaa wanafunzi kwa mdahalo wa mpaka wa Ziwa Nyasa

Kidato cha Tatu wangu hapa Dodoma wakishasoma kugawanywa kwa Afrika, wanadai mdahalo wa Ziwa Nyasa: mpaka wa Tanzania na Malawi upite ufukweni au katikati ya maji? Wape, ila usianze nao. Ukianza nao darasa zima linageuka Tanzania, na wale uliowapanga kuitetea Malawi wanazomewa kabla hawajafungua mdomo. Mimi naanzia Mto Chobe, kati ya Botswana na Namibia, ambako hakuna mtoto wa Chang'ombe mwenye mjomba.

Mkataba uliochora mipaka yote miwili ni uleule mmoja, wa Uingereza na Ujerumani, 1 Julai 1890, ambao kwao Ujerumani ilipata kisiwa cha Heligoland na kukubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Mwingereza. Kifungu cha 1 kinaweka mpaka wa Nyasa. Kifungu cha 3 kinafika Chobe na kusema mpaka ufuate katikati ya mkondo mkuu. Sasa, mto huo una kisiwa cha kilomita za mraba kama 3.5, na maji yanakizunguka pande mbili. Namibia inakiita Kasikili, Botswana Sedudu. Mkondo mkuu ni upi?

Chora mto ubaoni, weka kisiwa, kisha nyamaza. Waulize wangeupimaje. Watoto wetu wamezoea makorongo ya mchanga na maji ya visima vya Makutupora, lakini majibu huja: upana, kina, wingi wa maji, mahali boti zinapopita. Hayo ndiyo yaliyopimwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague. Tarehe 13 Desemba 1999, kwa kura 11 dhidi ya 4, iliamua mkondo mkuu ni wa kaskazini, na kisiwa kikabaki upande wa kusini, kikawa cha Botswana.

Hapa usiharakishe, maana Namibia ilikuwa na hoja ya pili. Wasubia wa Caprivi, upande wa Namibia, walikuwa wakilima kisiwani kwa miaka mingi, maji yakipungua. Kwa mtoto wa Kigogo, shamba alilolima babu na kulizungushia minyaa halina mjadala. Mahakama ikakataa: walilima kwa mahitaji yao, si kwa niaba ya dola. Darasa huchachamaa, nami naliacha lichachamae. Binafsi naona hukumu ni sahihi kisheria na inauma, na huwaambia hivyo. Waongezee kwamba majaji wote walikubaliana watu na vyombo vya majini vya nchi zote mbili vitendewe sawa katika mikondo yote miwili.

Ramani zikae kabatini mpaka hapo. Hata Mahakama haikuona za kutegemea, kwa jinsi zilivyopingana.

Sasa rudi Nyasa na usome kifungu cha 1 polepole. Mpaka unafuata ukingo wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi wa ziwa hadi mlango wa Mto Songwe. Kundi la Malawi lina maandishi hayo, na azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) la Cairo, 1964, la kuheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru. Wanong'oneze na jambo moja zaidi: kifungu hichohicho kinakata Ziwa Victoria kwa mstari wa nyuzi 1 kusini. Yaani waandishi walijua kupitisha mpaka majini, na Nyasa wakaupitisha ufukweni.

Kundi la Tanzania litasimamia dai la 1967, mpaka katikati ya ziwa, na karibu kila mara litakimbilia wavuvi wa Kyela, Ludewa na Mbamba Bay. Waulize: hao wana tofauti gani na Wasubia? Wakikwama, waelekeze kifungu cha 6, kinachoruhusu mistari irekebishwe kwa makubaliano, kulingana na mahitaji ya mahali. Malawi nao wataruka: makubaliano hayo yako wapi? Hapo mdahalo umepamba moto, kaa pembeni.

Raundi ya pili wabadilishe pande, na wale wenye ndugu Kyela ndio waanze kuitetea Malawi. Alama natoa kwa kifungu kilichotajwa na kuelezwa. Makofi hayana alama, na anayesema "ziwa letu" bila kifungu namkata mbili.