Jinsi ya kupandisha bakapu ya mafaili makubwa mtandaoni (video za harusi, GB 100 na kuendelea)

Hii ni kwa wale wenzangu wa kamera, maharusi, kicheni pati, makongamano, yaani mtu unarudi nyumbani Jumapili usiku na kadi tatu zimejaa na hadidiski moja tu ya kumwagia, na hiyo hadidiski ishaanguka mara mbili.

Wengi wakisikia bakapu ya mtandaoni wanawaza nafasi, nilipie TB 2 nimemaliza. Nafasi siyo shida kabisa, nafasi inauzwa. Shida ni kupandisha. Unakodi ghala kubwa ila mlango wake tundu la panya. Kwa hiyo kabla hujalipia chochote piga hesabu, pima spidi, na usiangalie ile ya kushusha ambayo ndo wanatutangazia, angalia ya kupandisha, tena ipime usiku na mchana. Kile kinachoandikwa Mbps unagawa kwa 8 unapata MB kwa sekunde. Kwangu mimi usiku inasoma kama 6, maana yake ni 0.75 MB kwa sekunde, sawa na GB 2.7 kwa saa. Harusi moja niliyopiga Tanga ilikuwa na GB 180. Hizo ni saa 67 bila kupumzika, na kama unapandisha usiku tu saa nane nane, ni siku tisa. Tisa! Ukishaijua hiyo namba mapema utaacha kuilaani laptopu.

Mi mara ya kwanza sikupiga hesabu, nikaburuta folda zima nikalidondosha kwenye brauza nikalala. Asubuhi laptopu imesinzia yenyewe, brauza imeanza upya kutoka sifuri. Usiku wa pili umeme ukakatika. Usiku wa tatu ikafika kama asilimia themanini na kitu halafu ikaandika imeshindikana, haisemi imeshindikana nini. Basi brauza iache kwa mafaili ya ofisini, mzigo mkubwa unataka programu.

Kama hutaki mambo ya kuandika amri, sakinisha programu ya kompyuta ya huduma unayotumia, Google Drive, Dropbox au OneDrive, zote wanazo, na mtandao ukikatika huwa zinajaribu tena zenyewe. Ila hapa kuna mtego mmoja umeliza watu wengi. Hizo programu kazi yake kubwa ni kulinganisha folda la kompyuta na la mtandaoni, kwa hiyo ukifuta huku ili upate nafasi, na kule panafutwa. Kwenye Google Drive kitu kinakaa kwenye pipa la taka siku 30 halafu kwaheri. Hiyo siyo bakapu, hicho ni kioo. Bakapu ni kitu ambacho ukifuta huku, kule kinabaki.

Mimi natumia rclone, ni programu ya bure ya kuandika amri, inaongea na karibu huduma zote, Drive, OneDrive, Backblaze B2 na nyingine kibao. Unaishusha kwenye tovuti yao rclone.org, unafungua dirisha la amri unaandika rclone config, unajibu maswali, remoti yako (yaani akaunti ya mtandaoni unayoiunganisha) ipe jina fupi, mi yangu inaitwa draivu, brauza itafunguka uruhusu akaunti, basi. Ukiwa unatumia Google Drive, jitengenezee client ID yako mwenyewe (kitambulisho ambacho programu inajitambulisha nacho kwa Google), maelekezo yapo kwenye tovuti yao, maana ile ya kwao inatumiwa na dunia nzima na ina foleni kama Ubungo saa kumi na mbili jioni. Halafu amri yenyewe ni hii:

rclone copy E:\Harusi_Tanga draivu:Harusi_Tanga -P --transfers 2 --bwlimit "07:00,100k 23:00,off"

E:\Harusi_Tanga ni folda la kwenye hadidiski, draivu:Harusi_Tanga ni kule linakokwenda mtandaoni. Andika copy. Usiandike sync, sync inafuta kule vitu ambavyo huku havipo na tunarudi kwenye stori ya kioo. Hiyo -P inakuonyesha maendeleo. Transfers 2 ni mafaili mawili kwa mpigo, usiweke kumi kwenye laini nyembamba, yatasukumana tu mlangoni. Na bwlimit ndo inaokoa ndoa, kuanzia saa moja asubuhi inajibana kwenye kilobaiti 100 kwa sekunde ili na wengine nyumbani waangalie vitu vyao, ikifika saa tano usiku inaachiwa yote. Ukikatikiwa, rudia amri ileile, mafaili yaliyokwisha kupanda itayaruka.

Sasa sikiliza hapa. Inaruka faili zima lililokamilika, siyo nusu faili. Faili la GB 40 kwa spidi yangu ni kama saa 15, umeme ukikatika saa ya 14 unaanza mwanzo. Na mtandao wetu unaujua, 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na Tanzania tukayumba siku kadhaa. Kwa hiyo faili kubwa katakata kwanza. Chukua programu ya 7-Zip, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua kuongeza kwenye akaivu, kiwango cha mgandamizo weka Store, sehemu ya kugawa vipande andika 2g. Utapata vipande vya 001, 002, 003, kila kimoja GB 2, kwangu hiyo ni dakika 45 hivi, kikikatika umepoteza dakika 45 tu. Store ni kwa sababu video ya kamera tayari imeshaminywa, ukiizipu kwa nguvu zote kompyuta inaunguruma usiku kucha na unaokoa chembe. Angalizo, ukipoteza kipande kimoja umepoteza faili, kwa hiyo katakata yale makubwa tu, klipu za GB 3 au 4 ziache zilivyo.

Hapohapo kwenye 7-Zip weka paswedi na uweke tiki kwenye kuficha majina ya mafaili, picha za wateja siyo za kila mtu. Paswedi iandike kwenye daftari, ukiisahau hakuna wa kumpigia simu.

Vitu vidogo: zima kusinzia kwa kompyuta, tumia waya wa ruta badala ya waifai kama unafika, ruta iweke kwenye yuupiiesi (UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika). Bando lisilo na kikomo soma maandishi madogo, mengi yana kikomo cha matumizi ya haki na ukivuka spidi inashushwa. Google wana kikomo cha GB 750 kupandisha kwa siku, ukikifikia nipe namba ya aliyekufungia faiba. Na ukiacha kulipia nafasi ukakaa umezidi nafasi uliyonayo kwa miaka 2, wanaweza kufuta mzigo. Kama nyumbani ni modemu tu, beba hadidiski nenda kwa rafiki mwenye faiba ofisini, wikiendi moja inamaliza kazi ya wiki mbili, peleka na soda.

Ikishamaliza usiamini macho, andika rclone check E:\Harusi_Tanga draivu:Harusi_Tanga, italinganisha alama za mafaili ya pande zote bila kushusha kitu. Unataka kuona 0 differences. Halafu shusha mkusanyiko mmoja wa vipande kwenye kompyuta nyingine, fungua ile 001, icheze video mpaka mwisho.

Kabla ya hapo kadi haifomatiwi. Mi nabandika seloteipu nyekundu juu ya kadi ambayo haijapanda, naibandua baada ya check, maana kijana wangu wa kamera ana mkono mwepesi sana kwenye kitufe cha kufomati.