Somo: Kutambua fremu kuukuu ya BMX na mwaka wake, kabla hujaipiga msasa

Fremu za mitumba za BMX (baiskeli ndogo za mbio na michezo, zenye magurudumu ya inchi 20) zinazozunguka hapa Dodoma nyingi zimeshapakwa rangi zaidi ya mara moja. Stika nazo zinauzwa, na jina la Mongoose, kampuni maarufu ya BMX, linabandikika hata kwenye fremu ya baiskeli ya mtoto. Kwa hiyo tunaanza na vipimo, nambari inafuata, stika mwisho kabisa.

Kanuni ni moja: kila kilichochomewa kwenye fremu kinakwambia "si kabla ya mwaka fulani". Kitafute kilicho kipya kuliko vyote, mwaka wa fremu unaanzia hapo. Kinachofungwa kwa nati hakihesabiki, maana kinahama baiskeli hadi baiskeli.

Andaa venia (kipimio cha milimita), tochi, mzani, brashi ya meno, mafuta ya taa, chaki nyeupe, karatasi na penseli.

Hatua ya 1: Vua kila kitu. Kama krenki ni chuma kimoja kilichopinda, kinachopita tundu la krenki kutoka upande hadi upande, anza na pedeli ya kushoto, kisha nati ya kushoto. Zote mbili zina uzi wa kinyume: zinalegea ukizungusha kulia. Wengi huharibu uzi hapa kwa kulazimisha kushoto kwa spana ndefu, halafu wanasema imeshika kutu.

Hatua ya 2: Pima matundu, na hapa usiwe na haraka. Tundu la krenki lisilo na uzi, lenye kipenyo cha ndani cha mm 51.3, ni la mtindo wa Kimarekani. Lilitumika tangu mwanzo wa BMX hadi baada ya 2000, hivyo peke yake halikupi mwaka. Lenye uzi na upana wa mm 68 ni la mtindo wa Ulaya, na fremu nyingi nzuri za mashindano zililitumia. Ukikuta tundu laini la mm 41 au mm 37, acha kuota miaka ya 1980; hiyo ni fremu ya miaka ya 2000 kuja huku.

Panda kwenye bomba la usukani. Ng'oa vikombe vya beringi kwanza, maana ukipima vikiwa ndani unapima kikombe. Kipenyo cha ndani cha mm 32.5 hadi 32.7 ni foku ya inchi moja, kipimo cha BMX za zamani. Mm 34 ni foku ya inchi 1 na 1/8, iliyotawala miaka ya 1990. Kama beringi zinakaa moja kwa moja ndani ya bomba bila vikombe vya kugonga, hiyo ni ya baada ya 2000.

Masikio ya nyuma, pale ekseli inapoingia: upana wa karibu mm 10 kwa kawaida ni wa zamani, mm 14 kwa kawaida ni wa miaka ya 1990 na kuendelea. Lakini chungulia kingo zake kwa tochi. Mafundi hutanua masikio ya mm 10 kwa tupa ili ekseli nene iingie. Ukiona mikwaruzo ya tupa, au sikio moja pana kuliko jingine, hesabu mm 10.

Hatua ya 3: Angalia vilivyochomewa. Vishikizo viwili vidogo vyenye uzi kwenye bomba la usukani ni vya kile kifaa kinachoruhusu usukani uzunguke bila kusokota waya wa breki. Si kabla ya katikati ya miaka ya 1980, na kwa wingi ni miaka ya 1990. Vibati vya kusimamia nyuma ya bomba la siti ni fremu ya michezo ya sarakasi, si ya mbio, na navyo vinaanzia katikati ya miaka ya 1980. Fremu ya mbio ya zamani huwa haina mapambo: bomba tupu, na pengine kibati cha kuimarisha pale mabomba yanapokutana mbele.

Hatua ya 4: Chuma gani? Fremu tupu ya inchi 20 ya chuma cha 4130 (aloi imara na nyepesi ya kromu na molibdeni) huwa kilo 2 hadi 2.5. Ikizidi kilo 3, mara nyingi ni chuma cha kawaida. Mulika pia ndani ya bomba la siti: mstari wa kuchomea ulioshuka ndani kwa urefu mara nyingi ni bomba la bei nafuu.

Hatua ya 5: Nambari. Iko chini ya tundu la krenki, au kwenye sikio la nyuma, au kwenye bomba la usukani. Chini ya krenki ndiko vumbi letu linakoganda na grisi hadi likawa kama lami. Loweka kwa mafuta ya taa nusu saa, sugua kwa brashi ya meno, kausha, kisha pakaza chaki na ufute juujuu kwa kidole. Chaki inabaki ndani ya herufi. Laza tochi pembeni, usiimulike kutoka juu. Usiguse grainda, mihuri mingine kina chake hakifiki nusu milimita.

Raleigh Burner, BMX ya kampuni ya Raleigh, ndiyo rahisi kusoma. Ilitoka Uingereza 1982, na nambari za kiwanda chake cha Nottingham za wakati huo huanza na N, kisha herufi ya mwezi, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. Miezi ni A, B, D, E, G, H, K, L, M, N, P, S, kuanzia Januari. NK3 ni Julai 1983. Haiwezi kuwa 1973 kwa sababu Burner haikuwepo.

Hatua ya 6: Vipuri viwe mashahidi tu. Vya Shimano, kampuni ya vipuri ya Japani, vina herufi mbili: ya kwanza mwaka (A ni 1976, B 1977, mfululizo), ya pili mwezi. HD ni Aprili 1983. Habu na breki zikikubaliana na fremu, vizuri. Zikipishana, fremu ndiyo inayoaminika.

MASWALI

Swali (Kizota): Shikamoo fundi. Nimeuziwa "BMX ya 1965", bomba la juu limepinda. Ni kweli?

Jibu: Marahaba. BMX ilianza California mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo hakuna ya 1965. Watoto walianza mchezo huo na baiskeli kama Schwinn Sting-Ray, iliyotoka 1963. Ikiwa ni hiyo, una kitu kizuri, ila si BMX. Tafuta nambari kabla ya kushangilia.

Swali (Nkuhungu): Shingo ya usukani imegoma kuingia kwenye foku. Nimeambiwa niipunguze kwa tupa.

Jibu: Usiiguse, kaka. BMX nyingi za zamani zinatumia shingo ya mm 21.1, na madukani hapa nyingi ni mm 22.2. Ukiipunguza haibaki duara, inashika pointi mbili tu, usukani unageuka ukikanyaga. Ukiigonga kwa nyundo, bomba la foku linapasuka pale penye uzi. Kipimo chenyewe ni ushahidi wa umri wa foku, kwa hiyo kiandike.

Swali (Mpwapwa): Tundu langu ni mm 51. Naweza kuchomea ndani bomba la krenki la baiskeli ya Phoenix ili nitumie krenki za kotapini?

Jibu: Unaweza, na utaua thamani ya fremu siku hiyohiyo. Joto pia linapinda tundu, hata beringi za zamani hazitakaa tena. Tafuta adapta ya kugonga inayogeuza tundu la Kimarekani kuwa la uzi. Inatoka bila kuacha alama.

Swali (Majengo): Nambari imesagwa kabisa, lakini vipimo vyote ni vya zamani na bei ni nzuri.

Jibu: Iache. Rangi hufunika nambari, kutu huila kidogokidogo, lakini mikwaruzo ya grainda pale pale ilipokuwa nambari imewekwa na mtu. Kama muuzaji hana risiti na hataki muandikishane mbele ya mwenyekiti wa mtaa, bei hiyo si nzuri.

Swali (Kondoa): Yangu ina kromu. Niivue ili nione chuma?

Jibu: Hapana. Kromu haizibi nambari kama rangi. Isugue kwa karatasi ya foili iliyoloweshwa maji, kutu ya juu itatoka. Ukikuta rangi juu ya kromu, ondoa kwa thina na kitambaa, usitumie msasa. Stika za kiwandani huwa zimeacha kivuli chake chini ya rangi hiyo, na herufi husomeka ukiiinamisha juani.