Kukinga Mapera Dhidi ya Nzi wa Matunda

Mwenye mipera Muheza au Pangani anayesubiri kuona funza ndani ya tunda huwa amechelewa, kwa sababu nzi jike hutoboa ganda la pera linaloanza kukomaa na kutaga mayai humo, akiacha kitundu kidogo mno ambacho baadaye huzungukwa na doa la kahawia linalobonyea chini ya kidole. Funza hula nyama ya tunda, pera huanguka, nao hujichimbia udongoni, ambako hutoka wakiwa nzi kamili.

Kwa hiyo, kazi kubwa ni usafi wa shamba. Okota mapera yaliyoanguka kila siku, hasa msimu wa maembe, ambapo nzi hawa huongezeka sana. Kisha yafunge kwenye nailoni nyeusi na kuyaanika juani siku kadhaa, au yafukie kwenye shimo lenye kina cha angalau sentimita 50. Tafadhali usiyatupe juu ya mboji, kwani humo funza huendelea kukua.

Mitego ya methili yujenoli, yaani kemikali ya kuvutia nzi, huvuta madume tu, hivyo haitoshi peke yake. Kwa miti michache, naamini zaidi vifuko vya karatasi vinavyofungwa pera likiwa bado changa na gumu.