Kumtambua Mwandishi kwa Kubana Mafaili

Tuseme chama cha msingi cha korosho kule Newala kimepokea barua isiyo na jina. Wanaodhaniwa ni watatu, tuwaite A, B na C, na maandishi yao ya zamani yapo. Programu ya kompyuta ya kubana mafaili, gzip, inaweza kuonyesha barua inaegemea kwa nani. Inapobana faili, hutafuta mifuatano ya herufi iliyokwisha kupita, na badala ya kuiandika tena huelekeza ilipo. Barua ikifuata maandishi ya aliyeiandika, mara nyingi huongeza baiti (kipimo cha ukubwa wa faili) chache kuliko ikifuata maandishi ya mwingine. Waitaliano Benedetto, Caglioti na Loreto walieleza njia hii mwaka 2002.

Kazi kubwa ni usafi. Ondoa "Kumb. Na.", "YAH:", tarehe, saini, na matangazo ya mnada yaliyonakiliwa; yakibaki, utapima fomu badala ya mtu. Mafaili yote yawe UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi), na alama za kunukuu zilizopinda zinyooshwe, maana kila moja hula baiti 3. Tahajia usiiguse kabisa: anayeandika "hivo" kila mara ameshaacha alama yake.

Kila mtu awe na faili la baiti 28,000, na barua iwe na 3,000 hivi. gzip hukumbuka baiti 32,768 tu za nyuma, hivyo faili likizidi hapo mwanzo wake haupimwi. Kwa maandishi marefu tumia xz, programu nyingine ya kubana.

Kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), a.txt ikiwa faili la A na wc -c ikihesabu baiti:

gzip -9 < a.txt | wc -c
cat a.txt barua.txt | gzip -9 | wc -c

Toa jibu la kwanza katika la pili, kisha rudia kwa B na C. A akiongeza 1,190, B 1,124 na C 1,201, wa karibu ni B. Alama ya < usiiache, kwani bila hiyo gzip huligeuza faili lenyewe kuwa a.txt.gz, na hesabu hutoka 0.

Kabla ya kuamini, pima barua ambazo waandishi wake wanajulikana, ukiwa umezitoa kwenye mafaili yao. Zikienda kwa wengine, simama hapo. Mara nyingi kosa ni mada: A akiwa ameandika sana kuhusu salfa na ubwiriunga (dawa ya mikorosho na ugonjwa inaotibu), barua yoyote ya salfa itamwangukia yeye.

Tena njia hii humpata wa karibu hata kama mwandishi halisi hayumo kati ya watatu, kwa hiyo jina lisitajwe mkutanoni kwa ushahidi huu peke yake. Kata barua vipande viwili upime kila kimoja. Vikielekea watu tofauti, andika "hajulikani".