Jinsi ya kuomba likizo ya ugonjwa ukipangiwa upasuaji wa kuondoa titi

Nimekaa miaka tisa masijala nikigonga mihuri kwenye barua za likizo za wenzangu, na yangu bado niliikosea. Nilipopangiwa upasuaji wa kuondoa titi la kushoto kwa ajili ya saratani niliomba siku 60 kwa mkupuo, nikapewa, nikashukuru. Kemo, yaani dawa za kuua saratani, ilipoanza nilikuwa nimebakiza siku tatu tu za mshahara kamili.

Haya ni kwa ajili yako uliyeajiriwa Tanzania, iwe kwenye kampuni, shule binafsi, hoteli, kiwanda au nyumbani kwa mtu, na daktari ameshakwambia titi litatoka. Mtumishi wa umma ana Kanuni zake za Kudumu, hivyo kwa habari ya siku na mshahara amwone afisa utumishi wake. Ya kidonda na mkono ni yale yale kwa wote.

Anza na barua yako ya ajira

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 32, inakupa siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza unalipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Ambaye hajatimiza miezi sita kazini kwa kawaida hana likizo ya malipo. Na usipoleta cheti cha daktari, mwajiri halazimiki kukulipa hata siku moja.

Kitu ambacho watu hawakitazami ni huo mzunguko. Haufuati Januari hadi Desemba. Unahesabiwa tangu siku uliyoajiriwa. Aliyeajiriwa tarehe 1 Machi 2020, mzunguko wake wa kwanza uliisha mwisho wa Februari 2023 na wa pili mwisho wa Februari 2026. Akipasuliwa Januari 2026, siku za upasuaji zinatoka kwenye mzunguko wa zamani, na kemo ya kuanzia Machi inaingia kwenye mzunguko mpya wenye siku 126 zake. Kwa hiyo kabla hujaandika chochote, toa barua ya ajira kabatini, soma tarehe, kisha uliza ofisini umeshatumia siku ngapi za ugonjwa tangu mzunguko huu uanze. Zile siku nne za malaria za mwaka juzi nazo zimo.

Piga hesabu ya matibabu yote

Hapa ndipo nilipokosea. Nilihesabu kisu peke yake, kumbe kwa wengi wetu kisu ni mwanzo. Titi likishatolewa hupelekwa maabara ya patholojia pamoja na mitoki ya kwapani iliyoondolewa, na majibu yake ndiyo yanayoamua kinachofuata: kemo, mionzi, vidonge vya homoni, au mchanganyiko. Wengine huanza na kemo ili uvimbe upungue ndipo wapasuliwe. Muulize daktari wako mpango mzima uko vipi, umwambie wazi kwamba unapanga likizo.

Mfano wa hesabu: upasuaji na kupona wiki tano hivi, siku 35. Kemo mizunguko sita kila baada ya wiki tatu, ukipumzika siku tano kila mzunguko, siku 30. Mionzi hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa, na wengi hupangiwa kati ya wiki tatu na tano. Anayeishi mbali hawezi kwenda na kurudi. Wa Mtwara au Songea akipangiwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani, atahamia Dar es Salaam kwa muda wote huo. Jumla inakaribia siku 100. Hesabu kwa kalenda, Jumapili na sikukuu zikiwemo, ili usije ukashtuka baadaye.

Ukiiona hesabu hiyo utaelewa kwa nini nasema omba kwa awamu. Omba za upasuaji kwanza. Ukipata nafuu mapema rudi kazini, hata kwa kazi nyepesi, siku zako ziendelee kukaa benki. Na likizo ya mwaka isiguswe: mwajiri haruhusiwi kuikata badala ya likizo ya ugonjwa unayostahili. Siku zake 28 ni zako za kupumzika ukishamaliza yote.

Karatasi

Unahitaji cheti cha daktari aliyesajiliwa, chenye jina lako kama lilivyo kazini, tarehe ya kuanza na kumaliza mapumziko, sahihi na muhuri wa hospitali. Wenyewe tunaiita ED, kifupi cha “Excuse Duty”. Majina yasipofanana, mfano hospitali wameandika jina la ndoa na kazini unatumia la baba, rekebisha hapo hapo dirishani. Nimewahi kuona barua ikizunguka wiki mbili kwa sababu ya herufi moja.

Majibu ya kinyama, yaani kile kipande kilichokatwa kwenye titi kikapimwe maabara, yatolee nakala mbili, lakini za kwako. Zitahitajika ukipewa rufaa, ukienda dirisha la bima kuulizia kibali, au ukienda kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali kuomba msamaha wa gharama. Mwajiri hahitaji kusoma ukubwa wa uvimbe wako. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na cheti kinachosema “upasuaji mkubwa” kinatosha kuombea likizo. Mimi nilimwambia meneja wangu ana kwa ana, kwa hiari yangu, na sijutii. Ila nilichagua mimi wa kumwambia.

Barua yenyewe iwe fupi:

“YAH: MAOMBI YA LIKIZO YA UGONJWA
Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Naomba likizo ya ugonjwa ya siku 35 kuanzia tarehe 12 Januari hadi 15 Februari 2026, kwa ajili ya upasuaji na mapumziko kama daktari alivyoelekeza. Cheti nimeambatanisha. Huenda matibabu yakaendelea baada ya hapo, na nitawasilisha maombi mengine pamoja na cheti kwa kila awamu. Kazi zangu nimemkabidhi Bi. …”

Ile sentensi ya matibabu kuendelea usiiache. Inamfanya bosi asishangae barua ya pili ikija.

Chapa nakala mbili. Moja waachie, ya pili igongwe “IMEPOKELEWA” yenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Ukituma kwa WhatsApp au barua pepe ni sawa kwa haraka, ila kwa miaka yangu tisa, mzozo wa likizo niliouona ukiisha dakika tano ni ule ambao mtu alitoa nakala yenye muhuri kwenye mkoba. Akikuandikia jibu, lisome lote kabla hujalazwa: wamekupa siku ulizoomba, na wameandika likizo ya ugonjwa, si likizo bila malipo?

Kabla ya kulazwa

Utapimwa wingi wa damu, figo, ini, sukari, presha, pengine eko, kile kipimo cha picha ya moyo. Ndugu wanaweza kuombwa kuchangia damu, basi watafute mapema. Taja dawa zote unazotumia, za miti shamba pia, kwa sababu nyingine huongeza kuvuja damu au hugongana na dawa ya nusukaputi. Fomu ya ridhaa usisaini mpaka umeambiwa wanaondoa nini hasa: titi peke yake, au na mitoki ya kwapani. Jibu hilo litaamua mkono wako utakuwaje.

Begi langu lilikuwa na makosa. Nilibeba madera matatu mazuri. Dera linavaliwa kwa kupitisha kichwani, na kichwani maana yake mikono juu, na mkono haukupanda. Siku nne niliishi kwa kanga na shati la mume wangu. Beba vya vifungo mbele, mto mdogo wa kuweka chini ya kwapa, na daftari.

Daftari ni la mrija. Utatoka chumba cha upasuaji na mrija mmoja au miwili inayotoa maji ya kidonda kwenda kwenye chupa. Wengi huruhusiwa nayo nyumbani. Kila siku unamwaga, unapima mililita, unaandika. Hospitali nyingi huutoa mrija maji yakishuka chini ya mililita 30 hivi kwa saa 24, na hiyo inaweza kuchukua wiki moja au zaidi ya mbili. Chupa niliifunga kiunoni kwa pindo la kanga, na mtu wa kwenye daladala aliniuliza kama nauza juisi.

Likizo ikiwa inaendelea

Wiki za mwanzo usiinue ndoo, usisonge ugali wa watu wengi, usikune nazi kwa mkono ule. Lakini mkono usiufunge kifuani kama wa kuku. Tangu siku za mwanzo kunja na kukunjua vidole na kiwiko. Kisha, daktari akiruhusu, simama mbele ya ukuta na upandishe vidole kidogo kidogo kama buibui. Weka alama kwa penseli ulipofika. Alama yangu ya kwanza ilikuwa usawa wa swichi ya taa. Mionzi hutolewa mkono ukiwa umeinuliwa juu ya kichwa, na mkono uliokakamaa utachelewesha kila kitu, pamoja na hesabu yako ya siku.

Ganzi ya kwapani na nyuma ya mkono ni kawaida, na hata kuhisi titi ambalo halipo linawasha. Homa, usaha, wekundu unaosambaa, au kidonda kujaa maji baada ya mrija kutoka, hayo ni ya kurudi hospitali siku ile ile. Mkono ukianza kuvimba, hata baada ya miezi, usingoje kliniki. Uvimbe huo unaotokana na kuondolewa mitoki ukiwahiwa hutulizwa vizuri zaidi.

Kliniki ya kutoa nyuzi ndipo pa kuombea cheti cha nyongeza. Usingoje likizo iishe ndipo ukahangaike na cheti Ijumaa jioni. Siku zisizo na cheti huitwa utoro. Peleka barua ya awamu ya pili angalau siku chache kabla, kwa mtindo ule ule, nakala mbili na muhuri.

Wakikataa

Omba sababu kwa maandishi. Tawi la chama cha wafanyakazi likiwepo, waambie. Isipokaa sawa nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ujaze fomu namba 1. Kwa mgogoro kama wa mshahara wa likizo una siku 60. Ukiwa umeachishwa kazi ni siku 30 tu, hivyo usikae nyumbani unalia hadi zikaisha. Mwajiri hawezi kukuondoa kwa ugonjwa bila kwanza kuangalia utaumwa kwa muda gani na kama kuna kazi nyingine au marekebisho yanayowezekana. Yamo kwenye Kanuni za Utendaji Bora za 2007, Tangazo la Serikali namba 42.

Siku ya kurudi, mwombe daktari aandike kazi nyepesi na aeleze ni ipi: kutobeba mizigo kwa wiki sita, kutoka mapema siku za kliniki. “Kazi nyepesi” peke yake kila mtu anaitafsiri anavyotaka. Cheti changu kilisema nisifikie rafu za juu, na kijana wa masijala akateremsha majalada yote ya A hadi K yakawa usawa wa kiuno. L hadi Z bado yako juu, namsubiri.