Namna ya Kufuatilia Mosheni dhidi ya Serikali

Mkaaji wa Lubumbashi anayesikia redioni kwamba mosheni, yaani hoja ya kutokuwa na imani, imewekwa bungeni dhidi ya serikali aanze kwa kuuliza inamlenga nani, kwa sababu Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya 2006, ibara ya 146, inadai sahihi za robo ya wabunge ili kuiangusha serikali nzima, lakini sehemu moja ya kumi tu kwa waziri mmoja.

Kisha ahesabu saa. Mjadala na kura haviruhusiwi kabla ya saa 48 kupita tangu mosheni iwekwe, na huo ndio muda wa mazungumzo ya faragha, unaostahili kuangaliwa kuliko hotuba zote.

Siku ya kura asitazame waliohudhuria, bali wabunge wote: katika Bunge la Taifa lenye viti 500, zinahitajika kura 251. Tarehe 27 Januari 2021 serikali ya Waziri Mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba iliangushwa kwa kura 367. Mosheni dhidi ya serikali nzima ikipita, Waziri Mkuu hukabidhi barua ya kujiuzulu kwa Rais ndani ya saa 24.

Kwa gavana wa Haut-Katanga, jimbo lenye Lubumbashi, na mawaziri wake, ibara ya 198 inalipatia Bunge la Jimbo silaha hiyohiyo.