Namna ya kupata ridhaa ya majirani kabla mchoro wa mipangomiji haujafika halmashauri

Wiki mbili zilizopita dada mmoja wa Chanika, hapa Dar es Salaam, alinipigia simu. Mtaa wao umeingia kwenye urasimishaji, yaani kupanga njia na kupima viwanja kwenye makazi yaliyojengwa bila mpango ili wenyewe wapate hati; mkutano umefanyika, watu wamenyoosha mikono, na sasa wapimaji wakifika wanafukuzwa. Nilimsikiliza nikaona anasimulia habari zetu za huku Goba. Nilikuwa katibu wa kamati ya urasimishaji ya mtaa wetu, na tangu hapo nimekaa na kamati nyingine kadhaa. Nimemweleza kwa simu, lakini mambo ni mengi, ndiyo maana nayaandika.

Ridhaa ya wakazi imo ndani ya sheria yenyewe. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kinaorodhesha mambo ya kupimwa kabla eneo halijatangazwa kurasimishwa, na mojawapo ni kama sehemu kubwa ya watu wa hapo wanaonekana kuutaka urasimishaji. Mtu asikwambie kwamba kuwauliza wananchi ni kupoteza muda.

Hatua ya 1: Viongozi

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mtendaji, wajumbe wa mashina. Hili mnalijua. Ninachosisitiza ni mjumbe wa shina: msimruke. Yeye ndiye anayejua nyumba ipi ina kesi na ipi mwenyewe yuko Mwanza.

Hatua ya 2: Ulizeni kama eneo linarasimishika

Fanyeni hivi kabla ya kuchangisha hata shilingi mia. Nendeni kwa afisa mipangomiji wa halmashauri na ramani ya eneo, mwulize mambo mawili. La kwanza, mto: Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na Dar ina mabonde mengi. La pili, hifadhi ya barabara kuu, ambayo tangu Sheria ya Barabara ya 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Wenye nyumba walio ndani ya mipaka hiyo waambieni ukweli mapema, uso kwa uso. Mkiwachukulia mchango halafu mchoro wa mipangomiji, ule unaoonyesha viwanja na njia zitakavyokaa, ukawaacha nje, mtaa mzima utawaita matapeli, na watakuwa na haki.

Hatua ya 3: Kamati

Watu saba wanatosha. Wawepo wanawake, kwa sababu mchana mkipita nyumba kwa nyumba wao ndio mtakaowakuta. Na awepo angalau mmoja asiyeutaka mradi. Kwetu alikuwa mzee mmoja fundi seremala, alikuwa akipinga kila kitu. Maswali yake ndiyo yaliyotuandaa kwa maswali ya mtaa mzima, na siku alipoweka sahihi, nyumba sita za jirani ziliweka wiki hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Ramani ya ukutani

Chapisheni ramani kubwa kwenye turubai, lile la mabango, mlitundike ofisi ya mtaa kwa wiki mbili. Msitume picha kwenye kundi la WhatsApp mkadhani mmeshirikisha watu. Kwenye simu hakuna anayeona kiwanja chake, na wazee wengi hawamo kundini. Kwenye turubai mtu anaweka kidole: "Nyumba hii ni yangu, na mtaro ule pale."

Ramani ya kuanzia msinunue. Sehemu kubwa ya Dar imo kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, na maeneo mengi yalichorwa na mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, wanafunzi wa vyuo wakishirikiana na wakazi kuchora majengo, njia na mitaro. Nyumba zilizoongezeka tangu hapo zijazieni kwa kalamu.

Hatua ya 5: Chokaa chini, nyumba kwa nyumba

Hapa ndipo tulipopoteza miezi mitatu. Someni taratibu.

Sisi tulifanya mkutano wa hadhara. Tukauliza: mnataka barabara? Mikono yote juu. Tukauliza tena: mko tayari kutoa eneo? Mikono yote juu. Tukaandika muhtasari, tukampa mpangaji miji, akachora barabara ya mita 6 katikati ya mtaa. Vijana wa mpima walipofika na vigingi, mama mmoja alitoka na mwiko mkononi akasimama mbele ya ukuta wake, na nyuma yake wakatoka wengine. Ni wale wale walionyoosha mikono.

Hawakuwa wanafiki. Mkutanoni tuliwauliza kuhusu barabara ya mtaa, wakajibu kuhusu barabara ya mtaa. Hakuna aliyewauliza kuhusu ukuta wao, karo lao la choo, wala kibanda cha duka kinacholipa ada ya mtoto. Mtu anaweza kuupenda mpango kwa moyo wote na asijue kwamba yeye ndiye anayeulipia.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Chukueni futikamba ya mita 50, kamba, na mfuko wa chokaa. Asubuhi ya Jumamosi, wenyewe wakiwepo, mwageni mstari wa chokaa pale hasa barabara itakapopita, pande zote mbili. Chokaa, si maneno na si kalamu kwenye karatasi. Mtu akiona mstari mweupe umepita ndani ya uwanja wake, hatua mbili kutoka mlangoni, ndipo anapoanza kufikiri sawasawa, na ndipo mnapoanza kuzungumza kweli. Uacheni mstari siku saba. Ukifutika kwa mvua, rudieni.

Katika kila nyumba angalieni na kuandika:

Karo. Ukuta unahamishika kwa wiki moja; karo lililojaa, hapana. Karo likiwa ndani ya mstari, sogezeni mstari kwanza kabla hamjamwomba mtu chochote.

Makaburi. Goba ilikuwa mashamba, na watu wamezikwa majumbani. Bibi mmoja alikuwa na kaburi la mumewe kwenye pembe ya kiwanja. Hakusema. Alikaa tu kwenye mkeka karibu na kaburi tulipokuwa tunapima, na mimi kwa haraka zangu sikuuliza. Tuligundua baadaye kwa mjukuu wake. Tukarudi na wazee, tukamwamkia, tukamwomba radhi, na mstari ukapinda pale. Njia yetu ina kona hadi leo na hakuna anayeilalamikia.

Usawa wa pande mbili. Watu watasema kila upande utoe sawa kutoka katikati. Inasikika ni haki, lakini upande mmoja una nyumba na mwingine una mihogo. Mimi nasema uanze upande ulio wazi, kisha anayetoa zaidi afidiwe na wanaofaidika. Kwa kawaida njia za ndani kwenye urasimishaji hutolewa na wenyewe bila fidia ya serikali, kwa hiyo hilo mlipange wenyewe. Sisi nyumba za nyuma, ambazo hazikutoa hata futi moja na zilipata njia ya gari kwa mara ya kwanza, zilinunua tofali na saruji za kuta nne zilizovunjwa, fundi tukamlipa pamoja. Hata nchi tajiri zinafanya hesabu hiyo hiyo: Uswisi, kwa sheria ya mipango ya ardhi iliyokubaliwa kwa kura Machi 2013, mtu ambaye ardhi yake imepanda thamani kwa kuruhusiwa kujengwa hutozwa angalau asilimia 20 ya faida hiyo, fedha ambayo hutumika pia kuwafidia wanaopunguziwa thamani.

Upana. Mwulizeni afisa mipangomiji kiwango cha chini anachoweza kupitisha kabla hamjaanza kumwaga chokaa. Mkiahidi mita 4 halafu halmashauri ikataka 6, kazi yote inaanza upya.

Na mkiwa mnazungumza, acheni habari za hati na mikopo ya benki. Kwetu hazikumgusa mtu. Kilichowagusa ni msiba wa mwaka ule: jeneza lilibebwa juu ya vichwa kwenye uchochoro, likainamishwa kupita kona, watoto wa marehemu wakitazama. Kila nyumba ilikuwa na habari ya namna hiyo, kama si jeneza ni mama mjamzito kwenye toroli, au gari la kunyonya choo lililokosa kufika. Wasikilizeni wao waseme.

Hatua ya 6: Sahihi

Fomu moja kwa kila kiwanja: jina, majirani wa pande nne, mita zilizotolewa, mchoro mdogo wa mkono, sahihi au dole gumba, shahidi ni mjumbe wa shina. Nakala moja abaki nayo mwenyewe.

Nyumba ya mirathi haina sahihi ya mtu mmoja. Ulizeni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ni nani. Kama hayupo, pateni wote, na aliye mbali atume barua. Mwenye nyumba akiwa na mke, mke naye asaini. Mpangaji wa nyumba hasaini, lakini mwambieni kinachokuja. Duka lake liko kwenye huo ukuta.

Hatua ya 7: Fedha

Akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, risiti kwa kila mchango, na kampuni ya upangaji na upimaji mliyoiajiri ilipwe kwa awamu: mchoro ukiidhinishwa, upimaji ukikamilika, ramani ya upimaji ikisajiliwa. Kampuni yetu ya kwanza tuliilipa zaidi ya nusu siku ya kwanza, na simu zao zikaacha kupatikana. Mkataba upitiwe na halmashauri kabla ya kusainiwa.

Hatua ya 8: Mkutano wa hadhara

Sasa ndipo muuite. Someni fomu kwa sauti, kiwanja kwa kiwanja, pitisheni muhtasari, pelekeni halmashauri pamoja na mchoro. Kwetu ulichukua dakika arobaini. Siku mawe ya mipaka yalipowekwa, yule mama wa mwiko ndiye aliyewaonyesha vijana wa mpima pa kuchimba.